Nilivuta kiko miezi saba ili nipewe mke Iringa, Jumapili hii ndiyo nimejua ukweli

Wakuu, habari za humu. Wakubwa wenzangu shikamooni, ingawa kwa umri nilio nao sijui humu amebaki nani wa kumwamkia. Vijana, marahaba.

Ninachoandika kimenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Wale wenzangu ambao kila uzi kwenu ni chai, piteni kushoto, leo sina uvumilivu. Nina hasira. Ni hasira ya zaidi ya miaka sitini, na imenishika Jumapili hii saa nne asubuhi nikiwa nimekaa zangu nje hapa Mbeya, mke wangu anapukuchua maharage.

Chanzo ni kijana mmoja humu aliyeuliza kiko gani cha tumbaku kina quality na bei yake nafuu. Mmemjibu utumbo mtupu. Mmoja anamwambia aagize chochote mtandaoni. Mwingine anamwambia aokoke. Hakuna hata mmoja aliyemwambia namna ya kukishika kiko na kukikagua.

Nikawa namsomea mke wangu comment zenu kwa sauti, huku nalalamika kwamba humu ndani hakuna mtu anayejua kiko kunishinda mimi.

Mke wangu akacheka. Halafu akasema neno.

Hilo neno nitalifikia. Nikilisema sasa hivi hamtaelewa kwa nini nilinyanyuka na kumwaga kikombe kizima cha uji.

Turudi miaka ya hamsini, katikati hapo. Mimi ni kijana wa Kinyakyusa, fundi seremala kwenye karakana moja hapa Mbeya. Tukapelekwa Iringa kupaua shule, kazi ya miezi minne. Nikapanga chumba Mlandege.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu aliishi mama mmoja wa Kihehe, Shangazi Konsolata. Mwisho wa wiki binti wa kaka yake, jina lake Felista, alikuwa anakuja kumsalimia. Felista alikuwa anasomea unesi kwenye hospitali ya misheni. Mrefu, mweusi, anaongea polepole, halafu akikutania unakuja kugundua umeshafika nyumbani.

Lugha yetu ilikuwa Kiswahili. Yeye Kinyakyusa hajui, mimi Kihehe nilijua salamu yao ya "kamwene" tu, na baada ya kamwene nilikuwa nabaki natabasamu kama mjinga. Na hicho Kiswahili chenyewe wote tulikifundishwa shuleni, kila mtu na makosa ya kwao.

Nikamwambia nataka kuoa. Akasema sawa, ila bado miezi minane amalize mafunzo, na kwa utaratibu wa pale msichana akiolewa anaondolewa. Nikamwambia, "Unesi utakupeleka wapi? Mimi si nina kazi?"

Nilisema hivyo, nakiri. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na misumari mfukoni, nikajiona nimemaliza dunia.

Hakubishana. Akasema, "Haya, muulize baba." Baba yake, Mzee Kihwele, alikuwa mkulima nje kidogo ya mji. Kiswahili kilimpiga chenga na kusoma hakujua. Kazi ya Iringa ikaisha, nikarudi Mbeya, nikaandika barua ya posa, nikaahidi majembe ya mahari.

(Habari ya mimi kuwa Mprotestanti na yeye Mkatoliki naiacha makusudi. Mods watafunga uzi.)

Jibu likaja baada ya wiki tatu, mwandiko wa Felista, maneno ya baba yake. Siku hiyo mikono yangu ilikuwa imejaa gundi, kwa hiyo aliyenisomea ni Ambakisye, fundi mwenzangu na ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Sasa wale mnaotujua Wanyakyusa mnajua, herufi zed ni mtihani. Mimi mwenyewe mke wangu ananicheka mpaka leo. Ambakisye akasoma kwa sauti karakana nzima ikisikia:

"Baba anasema majembe anayo ya kutosha. Anasema umletee kiko kisima."

Nikashtuka. "Kiko na kisima?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Kiko, kisima."

"Mzee anataka nimchimbie kisima?!"

"Labda kwao maji shida."

Wakuu, siku nzima ile niliwaza nitachimbaje kisima Iringa wakati kazi yangu ni mbao. Mafundi wakanishauri nimtafute msichana wa bondeni ambako maji yako juu. Jioni nikanawa gundi, nikaisoma barua mwenyewe. Kiko KIZIMA. Kwa zed. Nilitaka kumpiga Ambakisye na randa.

Barua iliendelea hivi: kiko kiwe kizima na cha bei ya mtu mwenye akili. Baba akikiona ndipo ataamua kama anioze au asinioze. Yaani nikinunua cha ghali, mimi mfujaji, binti yake atalala njaa. Nikinunua cha ovyo, mimi bahili, atalala njaa vilevile. Mke wangu alikuwa ananing'inia kwenye kiko, na mimi maishani mwangu sikuwa nimevuta hata majani ya mgomba.

Kizima nikakielewa kwamba kisiwe na ufa, kisiwe kimevunjika. Baadaye niliambiwa kwamba kiko alichokuwa nacho mzee kilikuwa kimepasuka, amekifunga waya. Kwa hiyo nilielewa sawasawa. Likumbukeni hilo, tafadhali, nilielewa sawasawa.

Wazo la kwanza, nikitengeneze mwenyewe. Mimi si fundi? Nikachonga cha mninga, kizuri kweli, nikakipiga msasa mpaka kikang'aa. Ambakisye akakijaribu. Dakika tano kikaanza kuungua chenyewe badala ya tumbaku, na ladha yake alisema ni kama kulamba mlango. Nikakitupa.

Tukasikia Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu kuna Wazungu wanavuta viko mchana kutwa na wengine wanauza vitu vyao waondoke. Nikaomba ruhusa, nikapanda lori la kwenda Chunya, vumbi mpaka kwenye meno.

Nikampata Mzungu mmoja mchimbaji, mzee, ndevu njano kwa moshi. Viko alikuwa navyo vitatu. Kuuza hataki. Nikamwomba, nikambembeleza, akasema, "Wewe unaweza kuuza mswaki yako?" Nikasema mimi naswakia kijiti. Akacheka, akaniambia nikae.

Kijana uliyeuliza, hapa ndipo pako, soma vizuri. Yule Mzungu alinifundisha kwa nusu saa mambo ambayo nyinyi mmeshindwa kwa kurasa nne.

Alisema kiko kisikupumbaze kwa kung'aa. Vanishi nene ina sababu, inaficha kitu. Mti wenyewe ni mzizi mgumu unaotoka kwao, na mzizi una vishimo. Wajanja wanaviziba kwa puti halafu wanapaka rangi juu. Kiko kikipata moto, puti inabanduka na vanishi inatoa malengelenge. Ukitaka kujua, kipeleke juani, kigeuze taratibu, doa la puti halina nyuzi za mti.

Halafu akachomoa unyasi mmoja, akaupitisha kwenye mrija kuanzia mdomoni. Ukatokea chini kabisa katikati ya kichwa cha kiko. "Unyasi ikitokea hapa juu," akasema, "tumbaku ya chini haiungui, unakunywa maji machungu. Ikikwama njiani, tupa." Kuta ziwe nene kama kidole cha mtoto. Na ukikiuma kwa meno bila kukishika, kisikuvute taya.

Akaongeza kwamba hata ukipata kizuri namna gani, kikiwa kipya bado ni kitoto. Kitakung'ata ulimi. Mpaka ukivute polepole, miezi, ndani kifanye utando mweusi, ndipo kitakuwa mtu mzima.

Nikasema asante bwana, nikaondoka. Hayo ya mtu mzima niliyasikia kwa sikio moja. Laiti ningeyaacha kulekule Makongolosi.

Jumamosi nikaenda duka la Mhindi mmoja hapa mjini. Kwenye kabati la kioo kulikuwa na viko vitatu. Kimoja kikubwa, chekundu, kinang'aa, kina pete ya dhahabu shingoni, bei ya kuulia mtu. Kimoja cha gunzi la mahindi, rahisi. Nikasema siwezi kwenda kwa mkulima wa mahindi na gunzi, atadhani namtukana. Cha tatu cha kahawia, hakina pete, hakina makeke, kimekaa pembeni kama kimesusa.

Nikaanza na kile chekundu. Nikakipeleka mlangoni kwenye jua. Puti! Madoa matatu, moja kubwa kama punje ya dengu. Unyasi ukakwama njiani. Pete yenyewe ilikuwa bati limepakwa rangi. Hicho ndicho wengi wenu mngekinunua, na picha mngeiweka humu.

Cha kahawia, doa hakuna. Nyuzi zimelala vizuri, zinapanda moja kwa moja kama miali. Unyasi ukatokea chini katikati. Nikakiuma, kikakaa. Nikachomoa mrija, nikaurudisha, ukaingia kwa kubana kama kiungo cha meza kilichopigwa na fundi anayejiheshimu. Nikarudia yote tena, nikaenda juani mara ya nne.

Mwenye duka akachoka. "Wewe nataka nunua kiko, ama nataka oa yeye?"

"Nataka vyote viwili, bwana," nikamwambia.

Nikalipa. Bei ya katikati, ya mtu mwenye akili. Moyo wangu ulikuwa mweupe pe.

Tukasafiri mimi na Ambakisye kwa lori la mchele. Chimala tukalala juu ya magunia kwa sababu ya springi iliyokatika, baridi ya Makambako ikatumalizia. Kiko nilikivaa shingoni ndani ya kitambaa ili kisipigwe na kitu. Kufika Mlandege, Shangazi Konsolata hata salamu hakumalizia.

"Kiko kiko wapi?"

Nikakitoa. Akakitazama, akanitazama, akakitazama tena. Nikadhani amekipenda kupita kiasi.

Kesho yake tukaenda kwa Mzee Kihwele. Mimi nimekaa kwenye kigoda macho chini, kama mkwe anavyotakiwa. Ambakisye akatoa kiko kwa mikono miwili. Mkalimani ni nani? Shangazi Konsolata. Mzee na Kihehe chake, sisi na Kiswahili chetu cha zed zilizopotea, na yeye katikati.

Mzee akakipokea. Akakigeuza. Akakipeleka mlangoni kwenye jua! Nikamkanyaga Ambakisye mguu, nikamnong'oneza, anajua huyu. Akakiweka mdomoni bila tumbaku, akavuta hewa, akafumba macho. Akacheka meno yote matano. Akasema maneno mengi kwa Kihehe huku anakipapasa.

Shangazi akamjibu kwa Kihehe, maneno mengi zaidi. Mzee akaacha kucheka. Akanitazama mimi kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa nina ugonjwa. Akauliza kitu. Shangazi akatikisa kichwa. Mzee akahema.

Shangazi akatugeukia. "Mzee anasema mti ni mzuri na wewe una jicho. Lakini hiki bado ni kitoto. Yeye alisema kizima, mtu mzima. Meno yake mabovu, kiko kichanga kinamuunguza ulimi. Anasema kakikuze. Kikishakuwa kizima, ukirudishe, ndipo mambo yaendelee."

Nikakumbuka yule Mzungu. Kitoto, mtu mzima. Nikasema kumbe mimi ndiye sikuelewa Kiswahili!

"Muda gani, Shangazi?"

Akahesabu vidole vyake haraka. "Miezi saba."

Hakumuuliza mzee. Niliona kabisa kwamba hakumuuliza mzee. Nikasema moyoni, Wahehe wanaelewana kwa macho. Ujinga una gharama, wakuu.

Kisha akaenda kukichukua kile kiko mkononi mwa mzee. Mzee hakuachia. Shangazi akavuta tena, mzee akashikilia. Mara ya tatu ndipo kikatoka. Ambakisye akaniambia njiani kwamba mzee ana dharau, hata kurudisha kiko anarudisha kwa shari.

Tukarudi Mbeya kwa hasira. Na mimi nikaanza kulea.

Siwezi kueleza mateso yale yote. Unajaza theluthi ya kiko, unavuta polepole kisipate moto sana, unakiacha kipoe, kesho yake unakipumzisha. Wiki ya pili unajaza nusu. Siku ya kwanza nilitapika nyuma ya karakana mpaka fundi mkuu akadhani nimelogwa. Ulimi ukawa kama msasa. Chakula hakina ladha, nguo zinanuka, kifua kinalia kama bawaba.

Mjini wakaanza kuniita Bwana Shauri, maana wakati ule kijana mweusi na kiko mdomoni walijua anaigiza wakubwa wa serikali. Watoto wananipigia saluti! Kanisani mzee wa kanisa akaninusa, akanitoa kwenye kwaya. Nikamweleza kwamba mimi sivuti, ninakuza tu kiko cha mtu. Akaniambia walevi wote huanza na maneno hayohayo.

Mara nne nilitaka kukivunja. Nilikiweka juu ya meza ya randa na nyundo mkononi. Nikamkumbuka Felista, nyundo nikaiweka chini. Nilimwandikia barua kumlalamikia baba yake. Akanijibu, "Pole sana, vumilia. Mimi pia huku ninajitahidi na masomo." Nikaibusu ile barua. Niliibusu, wakuu!

Mwezi wa saba ukaisha. Ndani kile kiko kilikuwa na utando mweusi wa unene wa sarafu, umekaa sawa pande zote. Nikakipeleka Iringa. Felista alikuwa amemaliza mafunzo wiki iliyotangulia tu, cheti mkononi. Nikasema angalia Mungu anavyopanga mambo yakakutana.

Mzee Kihwele alikipokea kwa mikono miwili, akakijaza, akakiwasha. Halafu kabla ya kuvuta akaninyooshea mimi. Nikamtazama Shangazi.

"Vuta mara mbili, umpe," akasema Shangazi. "Ndiyo heshima ya huku. Mkwe anaanza."

Nikavuta mara mbili, nikampa. Akavuta, machozi yakamtoka. Tukaoana baada ya mavuno.

Siku ya harusi niliapa sitavuta tena, na sikuvuta. Isipokuwa kwa mzee. Kila nikienda Iringa kumsalimia, kabla hata sijakaa, mzee anajaza kiko, anawasha, ananinyooshea. Mimi ninavuta mara mbili, ninakohoa mpaka machozi, ninamrudishia. Yeye ananitazama kwa huruma ileile, anatikisa kichwa, anavuta. Miaka zaidi ya ishirini! Nyumbani nilimwambia mke wangu mara mia, ninyi Wahehe mila zenu ngumu jamani. Anainama kwenye sufuria, mabega yanamtikisika. Nilidhani ni moshi wa kuni.

Hata siku za mwisho wa mzee, amelala hawezi kuongea, alinyoosha mkono akaonyesha kiko. Nikakijaza. Akanirudishia nianze. Nikavuta mara mbili, nikamshikia mdomoni. Hakuvuta, alikiuma tu. Nililia siku ile kwa sababu nilimpenda yule mzee, na kwa miaka yote hiyo tulikuwa hatujawahi kuongea mimi na yeye bila mtu katikati.

Kiko wakanipa mimi. Kipo juu ya kabati mpaka leo.

Sasa njoo Jumapili hii. Namsomea mke wangu comment zenu, ninajigamba. Mke wangu anacheka, mikono imejaa maharage. Akasema:

"Baba alikipenda kile kiko siku ile ya kwanza."

"Siku ipi?"

"Ya kwanza. Alisema kijana ana jicho, mambo yaendelee, harusi iwe mwezi huohuo."

Nikakaa vizuri. "Na kitoto? Na kikakuzwe?"

"Hayo ya Shangazi. Mimi ndiye niliyemwomba atafute sababu yoyote. Nilipomwambia kwamba kwenye barua nimeandika kizima, akasema hiyohiyo inatosha."

"Na baba yako aliambiwa nini mpaka akakiachia?"

Hapo akaacha kupukuchua, maana kicheko kilimzidi. "Aliambiwa Wanyakyusa mna mila. Kiko cha baba mkwe lazima muoaji akivute kwanza miezi saba. Na kila akija, avute mara mbili ndipo baba mkwe avute. Baba aliogopa kuwakosea. Amekuhurumia mpaka anakufa. Alikuwa anasema, hawa Wanyakyusa mila zao ngumu jamani."

Hapo ndipo uji ulipomwagika.

Miezi saba! Kwaya yangu! Watoto wa Mbeya nzima wananipigia saluti! Na yule mzee wa watu, anakaa na waya wake kwenye kiko kilichopasuka miezi saba, anasubiri changu kwa adabu, halafu miaka ishirini ananipa nianze kwa kuiheshimu mila yangu ambayo haipo, na mimi ninakohoa kwa kuiheshimu mila yake ambayo haipo! Kila mmoja anamwonea mwenzake huruma! Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nikamwuliza.

Hakucheka tena. "Nilikuambia. Nilikuambia bado miezi minane nimalize. Ukasema unesi utanipeleka wapi."

Nikainama kuokota kikombe.

"Ningekuomba unisubiri," akasema, "ungenisubiri?"

Akarudi kwenye maharage yake.

Sasa ili mnielewe. Huyu mwanamke ametumikia unesi zaidi ya miaka thelathini. Nusu ya watu wa mtaa huu walitokea mikononi mwake, wengine sasa ni mababu. Mwaka nilioanguka kwenye paa nikavunjika kiuno, nikakaa ndani miaka miwili bila kushika msumeno, ni huo unesi uliotulisha na kuwasomesha watoto watano. Nilikuwa nauliza utampeleka wapi. Ulinibeba mimi.

Tangu Jumapili hatujaongea vizuri. Ninakula, ninasema asante, ninatoka nje. Kaniuliza swali moja tu na mpaka leo sijamjibu. Jibu ninalo, wakuu, na ndilo linalonitia hasira kuliko kiko chenyewe.

Kijana wa kiko, kwako nimalizie. Kipeleke juani, pitisha unyasi, kiume kwa meno, usinunue pete. Ukivuta au usipovuta ni juu yako, mimi kifua changu kilishasema. Na kama kuna mtu unamtaka awe na wewe, muulize yeye anataka nini kabla hujamwuliza baba yake. Mimi nilijifunza kukagua kiko kwa nusu saa, hili la pili limenichukua miaka sitini na ushee.

Leo asubuhi nimekishusha kile kiko juu ya kabati, nimekifuta vumbi. Utando bado upo, mweusi, umekaa sawa. Mke wangu amekiona mkononi mwangu, ameingia jikoni. Sasa hivi ananiita nikale.

Ninaingia kumwambia nisingesubiri.

Haya, uwanja ni wenu, matusi ruksa ila yawe na adabu. Wenye ndoa ndefu zaidi nawaomba mnisaidie haraka kabla ugali haujapoa: neno kama hilo mnalianzaje?